Kebo Zafanana, Kasi Hazifanani

Jumatatu baada ya harusi ndiyo siku ngumu kwa mpiga video. Jumamosi alikesha ukumbini, Jumapili alilala, na sasa ana kadi za kumbukumbu zenye jumla ya gigabaiti 128 huku bibi harusi akiuliza kwenye WhatsApp klipu ya kuingia ukumbini iko wapi. Anachomeka kisomea kadi kwenye laptopu, anaburuta mafaili, kompyuta inamjibu: imebaki saa moja. Jirani yake wa studio ya pili, mwenye kompyuta ya aina ileile na kadi za aina ileile, anamaliza kazi kama hiyo kwa dakika 25. Hakuna uchawi hapo. Huyu kachomeka kwenye tundu jeusi, yule kwenye tundu la bluu, na hakuna aliyewahi kumweleza yeyote kati yao kwamba rangi ile ina maana.

Hesabu yake ni hii. Tundu jeusi kwa kawaida ni la USB 2.0, iliyotolewa Aprili 2000 ikiwa na kasi ya megabiti 480 kwa sekunde. Biti nane ndizo baiti moja, kwa hiyo kwenye karatasi tunapata megabaiti 60. Sehemu kubwa ya nafasi hiyo huliwa na mazungumzo ya kompyuta na kifaa, yale ya nani atume nini na je, kimefika salama. Kinachobaki ni megabaiti 35, au 40 ukibahatika. Gawanya gigabaiti 128 kwa 35 utapata sekunde zaidi ya 3,600, yaani saa nzima. Tundu la bluu ni la USB 3.0 ya Novemba 2008, gigabiti 5 kwa sekunde, mara kumi na zaidi. Hapo njia haichelewi tena. Anayechelewa ni kadi yenyewe, ambayo ikiwa ya kawaida husomwa kwa megabaiti 90 hivi.

Kwa miaka 30 sasa makampuni ya kompyuta yamekuwa yakisaka njia moja ya kuunganisha kila kitu: printa, kamera, diski, skrini, simu. Upande wa umbo wamefanikiwa, maana kichwa kimoja kidogo cha mviringo kinaingia karibu kila mahali. Upande wa kasi wamemwachia mnunuzi abahatishe. Kosa hilo linatuumiza sisi kuliko wengine, kwa sababu soko letu ni la kebo zinazouzwa bila boksi na kompyuta za mtumba zilizokwisha kuachana na vitabu vyake vya maelezo. Kama habari haikuandikwa kwenye waya wenyewe, kwetu haipo popote.

Aliyetumia kompyuta katikati ya miaka ya 1990 anaukumbuka mgongo wake. Printa ilikuwa na tundu pana la pini 25, modemu ilikuwa na lake la pini tisa, kibodi na kipanya vilikuwa na yao ya duara. Mwenye skana au diski ya nje alikutana na njia iitwayo SCSI, ambamo kila kifaa kilitaka kupewa namba yake na kifaa cha mwisho kwenye mnyororo kilitaka kufungwa kizibo maalumu. Ukisahau kizibo, mnyororo mzima ungeweza kugoma. Ukiongeza kifaa, mara nyingi ulilazimika kuzima na kuwasha upya. Ajay Bhatt, mhandisi mzaliwa wa India aliyejiunga na Intel mwaka 1990, ameeleza kwamba kumwona mkewe akihangaika na printa nyumbani kulimsukuma kufikiria tundu ambalo mtu yeyote angeweza kulitumia. Kampuni saba, zikiwemo Compaq, IBM, Intel na Microsoft, zilikubaliana, na Januari 1996 toleo la kwanza la USB likatoka. Kasi yake kubwa ilikuwa megabiti 12 kwa sekunde. Kwa kipimo cha mpiga video wetu, zile gigabaiti 128 zingemchukua siku moja na nusu.

Mwanzoni watu hawakuikimbilia. Tarehe 20 Aprili 1998, kwenye maonyesho ya Comdex mjini Chicago, Bill Gates alikuwa jukwaani kuitangaza Windows 98. Mwenzake akachomeka skana ya USB, na skrini ikageuka bluu mbele ya umati. Agosti mwaka huohuo Apple ikauza iMac isiyo na kiendeshi cha flopi wala matundu ya zamani. Kibodi, kipanya na printa vyote vilipitia USB. Watengenezaji wa vifaa wakalazimika kufuata. Miaka miwili baadaye flashi ya kwanza ya IBM ilikuwa sokoni, megabaiti 8 tu, lakini yenye nafasi zaidi ya mara tano ya flopi.

Wakati huohuo kulikuwa na njia nyingine, na kwa maoni yangu ilikuwa bora kuliko USB karibu katika kila kitu kinachopimika. Apple walianza kuifanyia kazi katika miaka ya 1980 na kuiita FireWire. Sony waliiita i.LINK, kwenye vitabu vya wahandisi ni IEEE 1394, kiwango kilichopitishwa mwaka 1995. Ilianza na megabiti 400 wakati USB ilikuwa na 12. Iliweza kupeleka umeme wa kuendesha diski nzima, wakati tundu la USB la enzi hizo lilikomea wati 2.5. Tofauti kubwa zaidi ilikuwa namna ya kuzungumza. Katika USB ya wakati ule kompyuta ni kama mwalimu mkali darasani: hakuna kifaa kinachofungua mdomo hadi kiulizwe, hata kama kina jambo la dharura. Katika FireWire vifaa vilikuwa sawa kwa sawa. Kamera iliweza kutuma picha moja kwa moja kwenye kifaa kingine, na iliweza kutengewa sehemu ya kila sekunde ambayo hakuna mwingine angeigusa.

Kwa video, sehemu hiyo iliyotengwa ndiyo iliyokuwa roho ya kazi. Kamera za DV, ikiwemo Sony DCR-VX1000 ya mwaka 1995, zilirekodi picha kwa megabiti 25 kwa sekunde kwenye kanda ndogo. USB ya megabiti 12 isingeweza kuibeba hata ingetaka. FireWire iliibeba bila kudondosha fremu, na mtu wa kawaida mwenye kamera na kompyuta akaweza kuhariri filamu nyumbani, kazi ambayo kabla ya hapo ilihitaji vyumba vya vituo vya televisheni. Mwaka 2001 Apple ilipewa tuzo ya uhandisi ya Primetime Emmy kwa ajili ya waya huo. Mafundi wa video waliofanya kazi miaka ya 2000 wanaukumbuka vizuri: unachomeka kamera, unabonyeza cheza, unasubiri saa nzima kanda ya saa moja iingie, na mwishoni diski imepungua gigabaiti 13.

Wahenga wanasema kizuri chajiuza. FireWire haikujiuza. Mapema mwaka 1999 ilijulikana kwamba Apple inataka dola 1 kwa kila tundu la FireWire litakalowekwa kwenye kifaa. Dola moja inaonekana ndogo, lakini mtengenezaji wa kompyuta hupigania senti kwenye kila sehemu, na ubao wenye matundu mawili tayari umeongezeka dola mbili. Intel ilikuwa na hataza za USB na haikutoza kitu kwa kutumia kiwango hicho. Hatimaye wenye hataza za FireWire walijikusanya na kushusha ada hadi senti 25 kwa kifaa, ila kufikia hapo USB 2.0 ilikuwa njiani na megabiti zake 480, namba inayopendeza kuliko 400 kwenye tangazo hata kama kazini FireWire iliendelea kuishinda. iPod ya kwanza, mwaka 2001, ilitegemea FireWire. Mwaka 2005 Apple yenyewe ilihamishia nyimbo za iPod kwenye USB.

Kifo cha njia ya kuunganisha vifaa hakiishii kwenye vitabu vya historia. Laptopu ya mwisho ya Apple yenye tundu la FireWire ilikuwa ya toleo la mwaka 2012, na iliondolewa madukani mwaka 2016. Kanda za DV bado zipo kabatini kwenye nyumba nyingi: harusi, maulidi, ubatizo, mazishi, mahafali. Kwa kamera nyingi za aina ile, njia ya kuitoa picha jinsi ilivyorekodiwa ni tundu hilo dogo la pini nne. Mwenye kanda asingoje. Atafute kamera inayozunguka bado na kompyuta ya zamani yenye FireWire, azihamishe sasa, kwa sababu vyote viwili vinazeeka pamoja na kanda yenyewe.

Watu huniuliza kwa nini waya wa shaba uleule, unaoonekana kwa macho kuwa waya tu, hauwezi kupitisha data yoyote unayotaka. Jibu liko kwenye namna biti zinavyosafiri. Ndani ya kebo ya kasi biti hazipiti kwenye waya mmoja. Zinapita kwenye jozi ya nyaya zilizosokotwa pamoja: mmoja unapanda volti pale mwenzake unaposhuka. Upande wa pili, kipokezi hakitazami volti ya waya wowote peke yake, kinatazama tofauti kati ya hizo mbili. Kelele ya umeme ikiingia njiani huzigusa nyaya zote mbili sawasawa, kwa hiyo tofauti haibadiliki. Ni ufundi mzuri sana, na ndiyo siri ya karibu kila njia ya kasi tuliyonayo, kuanzia USB hadi kebo ya mtandao.

Lakini kwenye gigabiti 5, kila biti inaishi sehemu moja ya sekunde iliyogawanywa mara bilioni tano. Waya mmoja wa jozi ukizidi mwenzake kwa milimita chache, au msokoto ukilegea karibu na kichwa, biti hufika zimechanganyikana na kompyuta hulazimika kuomba tena. Shaba yenyewe hudhoofisha mawimbi ya kasi kadiri urefu unavyoongezeka. Ndiyo maana kebo ya USB 2.0 yaweza kufika mita 5, wakati kebo ya kawaida ya shaba ya gigabiti 40 hukomea kama sentimita 80. Ukiona sokoni kebo nyembamba ya mita 2, laini kama kamba ya kiatu, ikidai gigabiti 40 kwa bei ya soda mbili, fizikia inakataa hata kabla hujauliza.

Kasi hiyo huleta na usumbufu mwingine ambao wengi huulaumu bila kujua chanzo. Mwaka 2012 Intel walichapisha maelezo kwamba vifaa vya USB 3.0 hutoa kelele ya redio katika eneo la gigahezi 2.4, masafa yanayotumiwa na vipanya visivyo na waya na Wi-Fi nyingi. Kipanya kikianza kurukaruka pale tu unapochomeka diski ya nje, hamishia kipokezi chake upande wa pili wa laptopu kabla hujampelekea fundi.

Mwaka 2014 ilikuja Type-C, na hapa ndipo nia njema ilipogeuka mtego. Kichwa chake kina pini 24, 12 juu na 12 chini, na huingia upande wowote. Bhatt amewahi kueleza kwamba USB ya kwanza ilifanywa ya upande mmoja ili kuokoa nyaya na gharama. Ndani ya umbo hilo moja kunaweza kupita USB 2.0 ya mwaka 2000, USB 3 ya gigabiti 5, 10 au 20, USB4 ya gigabiti 40 au 80, picha ya skrini, na umeme hadi wati 240. Tangu mwaka 2015 hata Thunderbolt, njia ya Intel iliyoanza na MacBook Pro za mwaka 2011, imevaa kichwa hichohicho. Neno linalohitaji kutiliwa mkazo ni *kunaweza*. Hakuna kinacholazimisha vyote vipite.

Chukua kisu ufungue kebo ya kuchajia simu, ile yenye kichwa cha zamani upande mmoja na Type-C upande mwingine. Kwenye nyingi utakuta nyaya nne: nyekundu na nyeusi za umeme, kijani na nyeupe za data. Jozi moja tu ya data, ileile ya enzi za USB 2.0. Fungua kebo kamili ya gigabiti 20 au 40 utakuta msitu wa nyaya nyembamba mno, jozi nne zaidi za kasi, kila moja ikiwa na ngao yake ya karatasi ya chuma, na kwenye kichwa chipu ndogo inayoiambia kompyuta kebo hii ni ya nani na inaweza nini. Kwa nje, zote mbili ni waya mweusi wenye kichwa cha Type-C.

Hata makampuni makubwa hayamsaidii mtu. Septemba 2023 Apple ilitoa iPhone 15 na 15 Pro, zote kwa Type-C. Tundu la iPhone 15 linapitisha megabiti 480, la 15 Pro linafika gigabiti 10, zaidi ya mara 20. Na kebo iliyo ndani ya boksi la hiyo Pro ni ya megabiti 480. Mtu amelipa simu ghali, anahamisha video zake kwa kasi ya mwaka 2000, na hakuna kitu mkononi mwake kinachomwambia. Sheria ya Umoja wa Ulaya iliyolazimisha Type-C kwenye simu kuanzia tarehe 28 Desemba 2024, na kwenye laptopu kuanzia tarehe 28 Aprili 2026, ni nzuri kwa mazingira na kwa mifuko ya watu. Ila inahusu kuchaji. Kasi ya data haikuigusa.

Majina nayo yameongeza giza. USB 3.0 ya mwaka 2008 ilibatizwa upya kuwa USB 3.1 Gen 1, kisha USB 3.2 Gen 1, bila waya wake wala kasi yake kubadilika hata chembe. Aliyenunua kwa kufuata namba kubwa alinunua kitu kilekile cha zamani kwa jina jipya. Jambo hili linanikera, kwa sababu lilifanywa na watu wanaoelewa vizuri sana tofauti iliyopo.

Kebo mbovu haiishii kupoteza muda. Mwishoni mwa 2015 Benson Leung, mhandisi wa Google, alianza kununua kebo za Type-C kwenye Amazon, kuzipima na kuandika matokeo hadharani. Nyingi zilikuwa na kosa moja dogo. Kwenye kebo inayotoka tundu la zamani kwenda Type-C panatakiwa rezista ya kiloomu 56, inayoiambia simu ivute umeme wa kawaida tu. Watengenezaji waliweka ya kiloomu 10, ambayo humaanisha ampea 3 zipo. Simu huamini, huvuta ampea 3 kutoka kwenye tundu la kompyuta lisiloundwa kwa mzigo huo, na tundu linaweza kuungua. Februari 2016 kebo moja iliyokuwa imeunganishwa nyaya kinyume iliiunguza laptopu yake pamoja na vifaa vyake vya kupimia. Mwezi uliofuata Amazon ilipiga marufuku kebo za Type-C zisizofuata kiwango.

Huku kwetu hakuna Leung. Kuna kaunta ya Kariakoo, Dar es Salaam, au ya Luthuli Avenue, Nairobi, na mazungumzo ambayo kila mnunuzi anayajua.

"Dada, hii inahamisha data?"

"Inahamisha, kaka. Fasta chaji kabisa hiyo."

Swali lilikuwa la data, jibu limekuwa la chaji, na muuzaji hajadanganya. Kwenye mfuko wa plastiki imeandikwa ampea tu, na yeye mwenyewe ameinunua kwa jumla bila maelezo mengine. Kumlaumu yeye ni kumwonea.

Kinachowezekana dukani ni kupima. Nenda na diski ndogo ya nje ya SSD na laptopu yenye tundu unalolijua kuwa la kasi, kisha nakili faili moja kubwa kwa kebo unayotaka kununua. Kasi ikiganda kwenye megabaiti 35 au 40, ndani yake mna ile jozi moja ya zamani, hata iwe nene kiasi gani. Ikipanda hadi 400, kebo hiyo ni ya gigabiti 5 au zaidi. Wanaotumia Linux wana njia fupi: amri ya lsusb -t huonyesha 480M, 5000M au 10000M mbele ya kila kifaa. Na ukichomeka kifaa cha USB 3 kwenye tundu la bluu la umbo la zamani, chomeka kwa mkupuo mmoja. Kwenye kichwa cha kebo pini nne za USB 2.0 ziko mbele, zile tano za kasi ziko nyuma, na mkono ukisita katikati kompyuta huweza kukitambua kama kifaa cha polepole.

Usinunue kasi usiyoihitaji pia. Diski ya nje ya kuzunguka, ile ndogo ya inchi 2.5, husoma megabaiti 100 hadi 130. Kebo ya gigabiti 40 haitaiongezea hata moja. Kwa printa na kibodi, USB 2.0 inatosha na kubaki. Mwenye haja ya kweli ni mpiga video, mhariri wa sauti, hospitali inayohamisha picha za vipimo, mtu wa takwimu. Na hao ndio wanaostahili kujua wanalipia nini.

Tangu Septemba 2022 wasimamizi wa USB wenyewe wamerahisisha nembo zao: badala ya majina ya vizazi, kebo iliyopimwa na kuidhinishwa huandikwa gigabiti zake kwa sekunde, pamoja na wati zake. Kupimwa huko ni hiari, na kebo nyingi zinazofika kwetu hazijapita huko. Mashirika ya viwango, TBS la Tanzania na KEBS la Kenya, yanakagua bidhaa za umeme zinazoingia nchini na yana uwezo wa kudai maandishi kwenye lebo. Yadai mambo matatu kwenye kila kebo ya Type-C, kwenye waya na si kwenye mfuko tu: gigabiti kwa sekunde, wati, na urefu. Gharama yake ni wino kidogo kiwandani, na waagizaji wanaojaza makontena wana sauti ya kutosha kuviomba viwanda hivyo viuweke.